Supa Gluu kwenye Dole Gumba la Baba

Nyumbani kwetu Newala, supa gluu haikuwa ya viatu tu. Baba aliunganishia ndala, mpini wa kisu, na hata nyufa za visigino vyake mwenyewe, kisha akatembea uani kwa maringo. Nilikuwa namcheka. Ila nisimnyime haki yake, vidonda vidogo vilivyokuwa safi vilishikana kweli.

Msimu ule alikuwa anapasua korosho mbichi za mboga. Baba hushika kisu kwa mkono wa kushoto na kula kwa wa kulia, ndivyo alivyolelewa. Vidole alishajipaka majivu, kama tunavyofanya sote, ili mafuta ya maganda yasimbabue. Kisu kikateleza, kikamchana dole gumba la kulia. Hakunawa. Alikamulia gundi juu ya damu, majivu na yale mafuta, akabana mpaka ikakauka.

"Basi, kwisha," akasema.

Haikupita wiki, dole likavimba likang'aa, na usiku halali. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Baba, hilo litakuja kukatwa!"

"Likatwe kwa lipi? Si limefunga?"

"Limefungia uchafu!"

Nikampeleka hospitali Masasi, njia nzima nimenuna. Muuguzi alimwamkia shikamoo, akaliloweka dole, akaibandua gundi polepole. Ukatoka usaha wenye majivu. Akatuambia hata wao wana gundi ya kufungia vidonda, ila si hii ya dukani, na wanaosha kwanza. Baba akanigeukia kwa ushindi. Katika maneno yote yale alisikia gundi tu. Nikacheka huku machozi yananilenga. Dole halikukatwa, nami nikashukuru Mungu nikajua yameisha.

Kidonda kilipokauka, mchana mmoja nilitenga ugali umetoka jikoni sasa hivi. Watoto walikuwa wanamega na kupuliza. Baba hakumega. Alilichomeka lile dole peke yake katikati ya ugali, akaliacha humo, akawa anatutazama mikono.

"Mwanangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huu ni wa moto?"

Nikaushika mkono wake nikautoa. Ncha ya dole ilikuwa imeiva, nyekundu.

"Wa moto, Baba."