Nilimwambia Mtu wa Korti Kwamba Amekufa

Admin, ukiweka hii tafadhali ficha jina langu, na zaidi ya langu, ficha la mwanangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, naishi upande wa Endarasha, na haya yalinianzia wiki iliyopita.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Mume wangu alipewa hivyo, mwanangu pia, kwa hivyo mwanangu na marehemu baba mkwe huandikwa majina mawili yale yale, la kwake na la baba yake. Nimemlea nikimwita Mzee, kwa heshima ya jina hilo.

Basi alikuja mtu wa korti kutoka Nyeri. Nilikuwa nachambua viazi vya mbegu na Cucu, mama mkwe wangu. Akasoma jina kwenye samansi. Cucu akaruka, "Ati nani? Huyo mnamtafuta ya nini na tulishamzika? Kaburi yake si iko hapo karibu na zizi!"

"Ni mkurugenzi wa kampuni," yule mtu akasema. "Haijapeleka ritani, zile taarifa za kodi, miaka mingi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Baba mkwe alilima viazi maisha yake yote, kampuni angeitoa wapi? Nikasema kwa mdomo wangu, "Huyo alikufa. Rudi nayo." Nikampeleka mpaka kaburini, akasoma msalaba. Akasema siku ya kesi tupeleke cheti cha kifo.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Alikaa juu ya gunia, akaniambia kampuni ni yake, ile ya kuuzia shule kabeji. Jina lake lilikuwa limeharibika na kampuni ya kwanza, kwa hivyo mtoto alipopata kitambulisho, yeye baba alikichukua akaandikisha ya pili kwa jina la mtoto. Mtoto hajui mpaka leo. Yeye anatengeneza simu tu huko Kerugoya.

Admin, aliyekuwa akitafutwa ni mwanangu. Na mimi nikaonyesha mtu kaburi lake!

Mume wangu anaona tumeponea. "Si wewe ndiye ulisema amekufa? Peleka cheti ya Baba. Watasoma jina tu, nambari ya kitambulisho nani ataangalia? Maiti haishtakiwi." Nikisema ukweli, anasema nitakuwa nimemfunga yeye, ama nimemfunga kijana.

Nikienda kukamua ng'ombe nilikuwa napita kando ya ule msalaba. Jina limekuwa pale miaka yote kwa rangi nyeupe, lakini sikuwa nimewahi kulisoma kama la mtoto wangu. Sasa nazunguka na ndoo mbali, na Cucu, ambaye hajaambiwa lolote, ananiuliza nimeona nyoka wapi.

Jana kijana alinipigia. "Mum, Jumapili nakuja na msichana mumwone. Upike mukimo. Na mbona siku hizi huniiti Mzee?" Nikamwambia netiwaki ni mbaya.

Kesi ni Jumatatu. Cheti kiko ndani ya mkoba wangu. Wenzangu, nawaomba shauri kabla ya siku hiyo: karani akiliita lile jina nami nisimame, niseme amekufa, ama niseme nimemwacha nyumbani akinywa chai?