Kodi Iliyokatwa Nairobi

Ofisini kwa mhasibu, mtaa wa Themi, mzee mmoja mfugaji wa Olmotonyi alikuwa akijaziwa ritani ya kodi kwenye kompyuta. Gawio la hisa zake za kampuni ya Nairobi lilishakatwa kodi huko huko.

"Mzee, hii naiingiza kwenye kodi iliyolipwa nchi za nje," dada mhasibu alisema.

Mzee akalaza fimbo yake taratibu juu ya kibodi. "Binti yangu, Nairobi imekuwa nje tangu lini? Mama yangu tulimzika kule kule, Kajiado."

"Tusipoandika nje, programu haitaitambua. Utatozwa tena hapa, upande wetu wa mpaka."

Mzee akasimama, akaweka shuka lake sawa begani. "Basi nitalipa tena. Mama yangu hakuzikwa ugenini."

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nami nina hisa huko huko. Zamu yangu ilipofika nilikubali "nje" upesi, nikaokoa kodi yangu. Mimi sina kaburi kule.