Kidumu cha Ayubu

Nakumbuka tulikuwa wanne uani siku ile: mimi, wadogo zangu Ayubu na Tumaini, na jirani yetu Mama Zawadi, aliyekuja kuomba moto akakaa hadi adhuhuri. Wawili kati yetu, Mama Zawadi akiwa mmoja wao, hawapo tena duniani. Ndiyo maana nakusimulia, mwanangu, ningali na kumbukumbu zangu.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana. Niliacha shule darasa la tano, nikachoma mahindi ya kuuza karibu na mpaka hapa Tunduma, nikawalea wadogo zangu. Ayubu akaingia jeshini, akapangiwa kambi ya pwani. Mtoto yule aliipenda bahari! Kila akipiga simu ni maji kupwa na kujaa, ni kaa, ni ndege wa miguu mirefu. Kambi yenyewe hakuitaja.

Likizo moja akaja na kidumu cha lita tano, mfuniko ameuzungushia solatepu.

"Usikiguse, dada. Cha Jumapili hicho."

Akakisukuma chini ya kitanda, akakifunika kwa sweta lake la jeshi. Kesho yake akauliza kiliko chungu cha mama. Mama alikuwa mtu wa Ivuna, kule wanakochemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, na chungu chake tulikuwa nacho bado.

"Cha nini?"

"Utaona."

Kisha akamtuma Tumaini kuni, mzigo mkubwa. Mwanangu, hapa kwetu mtu akitafuta chungu na kuni kwa siri, hatuulizi anapika nini. Ni gongo, ile pombe haramu.

Jumamosi Ayubu alishuka mtoni kutazama ndege. Mama Zawadi akanisogelea.

"Mwanajeshi wako keshapata wateja Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nini?"

"Ayubu hanywi."

"Nani kasema anakunywa? Wauzaji wazuri ndio hao wasiokunywa!"

Nikaona kazi ya Ayubu imekwenda, yeye yuko jela, na Tumaini kakosa ada, kaacha shule kama mimi. Nikakitoa kidumu, nikakata solatepu. Harufu haikuwa ya gongo. Nilijua hivyo, mwanangu, lakini nilikuwa nimeshaamua. Nikamwaga yote kando ya ukuta.

Ayubu alirudi na manyoya mawili ya ndege mkononi. Akakitazama kidumu, akautazama udongo.

"Umemwaga, dada?"

"Nimekuokoa na jela."

Tumaini alikuwa amechovya kidole kwenye tope. "Dada, mbona ni chumvi tupu!"

Mama Zawadi akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Ayubu akachuchumaa. "Yalikuwa maji ya bahari. Nilitaka tuyachemshe kwenye chungu cha mama, uionje bahari kabla hujaiona. Ungeniuliza tu." Akacheka kidogo, ila hakunitazama.

Nami, badala ya kumwomba radhi, nikasema, "Mwanaume mzima na siri za kitoto!"

Akarudi kambini. Udongo ulipokauka, ulibaki na weupe siku kadhaa, nami nikawa nazunguka nyumba ili nisipite pale. Kabla ya likizo nyingine aliugua huko huko, akaletwa nyumbani katika jeneza lililofunikwa bendera.

Mwanangu, kumlea mtu hakukupi ruhusa ya kumpekua. Ukimshuku wa kwako, muulize yeye, tena umuulize kabla jirani hajakujibia. Na pua yako ikikuambia umekosea, mkono usimame hapo hapo. Mimi hata leo mgeni akibisha hodi, macho yangu huanzia kwenye mzigo. Usizeeke hivyo.

Mungu akupe ndugu wa kukufichia mambo mema, akupe na subira ya kuingoja Jumapili.

Kidumu ninacho bado, na chungu pia. Nadaiwa kwenda kukijaza baharini, niyachemshe maji, kisha chumvi yake niipeleke kaburini kwa Ayubu pamoja na ile samahani. Treni ya Dar hupita hapa, naisikia. Sijaipanda.