Maharagwe ya Ijumaa

Kwetu Nyamache, jua la Ijumaa likitua hakuna kupika tena mpaka Sabato ipite. Maharagwe yalikuwa kazi yangu tangu mchana, na karibu kila wiki Sabato iliyakuta mabichi. Si kwamba nililala. Nilienda kuleta kuni, nikaona chai imechipua vizuri, nikaanza kuichuma, nikamkumbuka ndama, na huko kwa ndama nikasahau kabisa kwamba nina chungu motoni, na moto unazimika.

"Leo tena tunatafuna changarawe?" kaka yangu aliuliza. Tulicheka, mimi wa kwanza. Lakini nilikuwa msichana mkubwa, na neno "mvivu" lilikuwa limeshafika kule nilikochumbiwa.

Nilijua si uvivu. Nilitaka mtu aliyesoma aniambie ni nini.

Daktari wa zahanati alinipa dawa ya minyoo. Niliporudi, akasema nikiolewa itaisha. Nilipozidi kumsumbua akanituma Kisii mjini, kwa daktari wa wagonjwa wa akili. Mama alinisindikiza, kitambaa amekishusha hadi machoni asije akaonwa na watu wa kanisa.

"Unasikia sauti za watu ambao hawapo?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari. Hata za waliopo hunipotea."

Hakucheka. "Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Ulifika darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi wewe ni mzima, msichana. Mwenye wazimu hafiki la saba. Acha kuota mchana."

Nilianza kumweleza habari ya maharagwe. Akaita mgonjwa mwingine.

Mama, yule yule aliyejificha, alisimama kanisani kushukuru: binti yake amepimwa kichwa, hana kitu. Watu wakasema amina. Mimi nililia, na jirani akanipa leso akidhani ni furaha. Kama sina kitu, basi mimi ni mvivu tu.

Ijumaa iliyofuata nilijiambia sitatoka jikoni. Nikatoka. Jua lilipozama mama alifunua chungu, akatia punje moja mdomoni, akaitafuna kwa muda. Kisha akanitazama nikiwa mlangoni na kuni kifuani, hata sijui nilipitia wapi. Nililingoja lile neno.

"Yule daktari," mama akasema, "hajakuona ukipika."

Akafunika chungu.

"Jumatatu tunarudi. Na haya maharagwe tunambebea."