Nembo Isiyo na Juu wala Chini

Kazi yangu ni kuchora nembo, na iliyonitesa kuliko zote ni ya tamasha la barabara ya senta yetu. Mimi nina kibanda cha stesheneri Tarime mjini: kadi za harusi, mabango, tisheti za misiba. Senta yenyewe, maduka machache tu, iko mwendo wa bodaboda kutoka hapo, na barabara inapita katikati. Huku ukoo wetu, kule ukoo mwingine. Waligombania mpaka wa mashamba hadi nyumba zikaungua. Wazee wakapatana, amani ikatangazwa mpaka kanisani, lakini miguu ya watu ilikuwa bado haijaamini. Kila mtu alinunua sukari upande wake.

Mama yangu na dada yake walizaliwa nyumba moja, wakaolewa pande mbili za barabara hiyo. Tangu ule ugomvi Mama hakuvuka tena. Mama mkubwa naye miguu ikaanza kumvimba, akawa anakalishwa kwenye kiti cha plastiki barazani kwake. Mama kila akienda dukani anamwona. Anamwona, anageuza uso.

"Nitaendaje bila sababu?" aliniambia. "Wataniuliza nimefuata nini."

Tamasha ndilo lililokuwa sababu. Wazee walikubali lifanyike kwa sharti moja: pande zote zivae tisheti moja, yenye mchoro ambao pande zote zimeukubali. Usipokubaliwa, hakuna tamasha. Basi kwa kiherehere changu nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati, nikamwambia nachora mimi, tena bure.

Nikaanza na mnyama. Mnyama gani, simtaji, nimeshashika adabu. Kila ukoo una mnyama wake na mwiko wake, hilo nalijua tangu nanyonya, kwa hiyo nikachukua wa tatu, asiye wetu wala wao. Chai yangu haijapoa, simu inatetemeka. Kumbe huyo ni mnyama wa ukoo wa ng'ambo ya mto, na siku za ugomvi, hao wa ng'ambo walikuwa na upande wao.

Haya, ng'ombe. Nani Tarime atamkataa ng'ombe? Mzee mmoja akauliza kwenye grupu la kamati, "Huyo wa mabaka katoka zizi la nani?" Mwingine akajibu kwamba anafanana sana na wake aliyepotea. Ala! Nikamfuta mbio kabla hajafuatwa nyayo.

Rangi ndiyo usiseme. Kijani ni chama, bluu ni chama, nyekundu na njano ni mpira, na mpira kwetu unavunja ndoa. Nikachora barabara tupu, imelala. Mwenyekiti akanipigia: "Binti yangu, na hapa juu ni kina nani?" Nikaisimamisha. "Na mkono wa kulia ni wa nani?"

Nilitupa simu mezani. Kukaa sikuweza. Nilitoka kibandani nikaenda hadi stendi, nikarudi, nikatoka tena, nikamfokea bibi harusi aliyekuja kuchukua kadi zake, maskini, hana kosa. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Kila nilipokwenda nyumbani niliambiwa Mama mkubwa kavimba zaidi.

Siku moja nikamkuta Mama anapepeta ulezi. Nikasimama nikimtazama mpaka akaniuliza kama nimetumwa na polisi. Ungo! Ungo ni duara, hauna juu wala chini, hauna kulia. Uji wa ulezi wanakunywa huku na kule, na hakuna chama wala timu yenye rangi ile. Nikachora ungo uliojaa, ukitazamwa kutoka juu, nikatuma, nikazima simu kwa woga. Nilipoiwasha, katibu wa kamati, mtu wa upande wa kule, alikuwa ameandika, "Hii iko sawa." Mwenyekiti kaweka dole gumba. Basi. Hakuna aliyesifia, na mimi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya tamasha bango lilifungwa kutoka paa la huku hadi paa la kule. Ritungu, ala yetu ya nyuzi, lilipigwa, vijana wakaruka, vumbi likapanda. Mama alisimama ukingoni, tisheti juu ya gauni, mikono kifuani.

"Mama, nenda basi."

"Usinisukume."

Nikazunguka, nikanunua soda, sikuinywa, nikarudi. "Mama!"

"Nimesema usinisukume!"

Jua lilipita utosini, bado kasimama. Halafu nikamsikia akiguna.

"Hebu mwangalie! Wamemvisha kinyume!"

Kweli. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti chake, tisheti mishono nje, na nembo yangu imegeukia ndani, haionekani kabisa.

"Aibu gani hii! Hana wakwe nyumba ile?"

Akavuka. Hakutazama popote, bodaboda ilifunga breki ikayumba. Katikati ya barabara alikuwa ameshaanza kugomba, kwa Kikurya, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Alifungua kanga yake akamzungushia dada yake, akamvua ile tisheti, akaigeuza, akamvisha kama anayemvisha mtoto wa chekechea. Wote wawili walikuwa wanagombezana, na wote wawili walikuwa wanalia.

Mama mkubwa akashika mchoro kifuani. "Hiki nini?"

"Ungo. Kauchora mwanao."

"Mwanangu yupi?"

Mama akaninyooshea kidole. Mama mkubwa akakunja macho, akanitafuta ng'ambo ya vumbi.

"Kama ni mwanangu," alisema, na barabara nzima ikasikia, "mbona kasimama kule kama mgeni?"

Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa kwenye nyasi za upande wetu, na wala haikuwahi kuvuka. Nikavuka nikikimbia, nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Aliitikia marahaba kabla sijatoa shikamoo.