Mashua Tuliyoianika Kama Kahawa

Mume wangu hajui kulala kwenye kitanda kisichotikisika. Nimeshasema hivyo mbele yake na mbele ya watoto, na hakuna aliyebisha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa malori, Tunduma kwenda Zambia, Zambia kwenda Kongo, na kitanda chake kilikuwa kile cha nyuma ya usukani. Akija nyumbani kwetu Mbozi alilala ukingoni kama mgeni, na alfajiri nilimkuta nje analizunguka gari, anagonga matairi kwa fimbo. Anakaa siku mbili tatu, nguo zinafuliwa, anazisokomeza kwenye begi lake la kahawia, na mimi nasimama mlangoni nauliza, "Unarudi lini?" Jibu lilikuwa lile lile, wala hakulifikiria: "Mzigo ukishuka tu, nageuza." Mzigo ungeweza kushuka wiki hiyo hiyo, au baada ya mwezi na zaidi. Foleni ya malori pale mpakani haina huruma na mke wa mtu.

Kwa hiyo alipostaafu nilijua nyumba itamshinda, na kweli ikamshinda. Kila asubuhi alipanda gari kwenda Tunduma, eti kusalimia watu, akashinda kwenye maegesho anasikiliza madereva wakilalamikia barabara. Jioni anarudi amechangamka, ananisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mama?" kana kwamba ametoka safari. Nikamwambia, wewe hujastaafu, umefupisha njia tu.

Siku moja alimsindikiza rafiki yake kununua mpunga kule Kamsamba, akarudi na habari kwamba ziwani Rukwa ameona mashua ya mbao inauzwa, ya tanga, yenye nafasi ya kutosha watu wawili kulala. Mwenyewe alikuwa anabebea chumvi na samaki, sasa mgongo umechoka. "Tutaishi humo," akasema mume wangu. Nilimshika paji la uso kuona kama ana homa. Sisi watu wa Mbozi na maji wapi na wapi? Sisi tumezaliwa kwenye baridi ya mlimani, kati ya migomba na kahawa, na maji mengi tunayoyajua ni ya kuoshea kahawa.

Nilikubali kwa sababu moja, na sikumwambia wakati ule. Nilimuuliza mashua ina urefu gani, akapima kwa hatua pale sebuleni, akafika kwenye kabati akasimama. Nikaona, humo hata akikasirika hatafika mbali. Watoto wakapiga kelele, mama mmezeeka, mnaenda kuliwa na mamba. Tukawaachia nyumba na kahawa, tukashuka bondeni kwa barabara ya Mlowo, mimi nimekumbatia sufuria na sweta zangu ambazo huko kwenye joto hazikuvaliwa hata mara moja.

Ile mashua aliifanya lori. Mbele aliweka kioo cha pembeni cha gari bovu, cha kunyolea ndevu. Tanga la zamani lilikuwa limeoza, akashona jingine kwa turubai la kufunikia mzigo, kwa sindano ile nene na uzi wa nailoni, akatoboa vidole vyote. Kamba zote ni zile za kufungia mizigo, na mafundo yake ni ya kidereva, hayafunguki mpaka umtukane mtu. Nyuma ya mlingoti alijenga kibanda cha mbao na bati, akaingiza godoro ambalo nina hakika lilitoka kwenye lori. Kila jioni alipita na tochi na kopo la grisi, anapaka hiki, anakaza kile, anasema chombo bila sevisi kitakuaibisha njiani. Mimi nilipika mbele, penye bati la moto, na maji ya kunywa tulichota kwenye pampu kijijini, kwa sababu maji ya ziwa yana magadi.

Na alilala. Maji yalikuwa yanaisukuma ile mashua kidogo kidogo, naye anakoroma mpaka jua linatoka. Nilizoea kuamka nikamkuta yupo. Nitasema wazi: nilikuwa bibi mwenye wajukuu, na ndiyo kwanza nilikuwa nimempata mume. Alijua sasa kwamba sipendi chai yenye tangawizi. Nilijua kwamba anaongea na kamba. Akimaliza kula alisema "natotela," asante ya Kibemba, na mimi nikajifanya sijasikia ili aseme tena.

Basi mvua zilipokatika, tukaona maji yanaingia kidogo chini, kikombe kwa siku, pengine viwili. Yeye akasema ni wakati wa sevisi kubwa. Aliyeanza ni yeye, lakini nisimsingizie, na mimi nilitia mkono. Tulimwita jirani yetu mfugaji aje na ng'ombe wake wa kulimia, wakaivuta mashua hadi nchi kavu. Mume wangu akaiinua juu ya mawe, kama gari lililotolewa magurudumu. Na mimi nikasema neno ambalo mtu yeyote wa kwetu angelisema: tuianike vizuri, ikauke kabisa, ndipo tuzibe na kupaka mafuta.

Kwetu kitu kikavu ni kitu salama. Mahindi yenye unyevu yanaota kuvu, kahawa yenye unyevu inarudishwa, kuni mbichi zinakutoa machozi. Nimekulia pembeni ya vichanja vya kahawa, nikigeuza kwa mikono tangu sijaota meno ya utu uzima. Kwa hiyo niliigeuza ile mashua. Nawaambia kweli, tuliilaza ubavu huu wiki nzima, tukailaza ubavu ule, nikaondoa mikeka ndani ili jua lipige mpaka sakafuni. Wavuvi ambao wangetucheka walikuwa wamekwenda mashambani kuvuna mpunga. Mfugaji alikuwepo, lakini yeye anajua ng'ombe. Alipita, akatazama, akasema imekauka vizuri, tukafurahi.

Tulipoirudisha majini, maji yaliingia kila mahali. Hayakuvuja, yaliingia, kama watu wanaoingia nyumba yao. Kati ya kila ubao na ubao palikuwa na nafasi, na ile pamba ya kuzibia iliyokuwa humo miaka yote ilikuwa imelegea, inaning'inia. Tuliwahi kuokoa godoro na sufuria. Ng'ombe wakaivuta tena, mume wangu akakaa juu ya jiwe akawa anatazama mikono yake.

Tulijaribu kuziba. Pamba mpya, mafuta, nyundo, tukimaliza hapa panaachia pale. Tulikuwa tumejenga hema la turubai ufukoni, na kwenye hema lile ardhi haitikisiki, kwa hiyo usingizi wake ukaondoka. Akaanza kuamka kabla ya jua na kuzunguka mashua, anagonga mbao kwa fimbo. Nilipoiona ile fimbo nilijua anakoelekea.

Halafu simu ikaja. Rafiki yake wa Tunduma, kuna lori linatafuta dereva wa kwenda Kongo, dereva wake anaumwa. Mume wangu aliongea kwa sauti ya chini, akaja akasimama mbele yangu. "Ni safari moja tu," akasema. "Mashua ndiyo hiyo imekufa. Wewe utapanda nyumbani uvune kahawa, mimi nikirudi tutaona."

Safari moja tu. Mimi nimeolewa na safari moja tu. Nilijua akikamata usukani atashuka siku watakapomshusha kwa machela, na nyumbani nitabaki na mlango wangu. Sikumjibu vizuri. Nilimwambia kwa umri wake barabara ile haimtaki, inamtaka mtu anayeona. Akanuna, nami nikachukua jembe nikaenda kwenye kibustani changu cha mchicha kumalizia hasira.

Jembe likachomoka kwenye mpini. Lilikuwa limesahaulika juani tangu siku za sevisi yetu, mti umesinyaa. Nikalaani, nikalitia kwenye beseni la maji, kama mama yangu alivyofanya na kama mkulima yeyote anavyofanya, mpini unywe uvimbe ushike. Asubuhi nikalitoa, likawa halitingishiki. Nililima tuta moja zima ndipo nikasimama. Nikatazama jembe. Nikatazama ile mashua juu ya mawe yake.

"Tuizamishe," nikamwambia.

"Nini?"

"Mashua. Tuizamishe pale penye maji ya kiunoni, inywe."

Alinitazama kwa huruma. "Gari likiharibika unalizamisha mtoni?"

"Gari ni chuma. Huu ni mpini."

"Umeiua kwa jua, sasa unataka kuiua kwa maji."

"Kwenye jua tulikuwa wawili," nikasema. "Kwenye maji nitakuwa peke yangu ukipenda."

Alikataa. Nilijua kinachomuuma, hajawahi kuharibu chombo kwa makusudi, na kukiona kinazama ni kama kukizika. Nikamwambia, ukienda Kongo itabaki hapa inakuwa kuni za watu. Kabla hujaenda, nipe hii. Kama ikishindikana, nitakufulia nguo mwenyewe na sitasema neno. Hilo la kutosema neno ndilo lililomshawishi, nadhani, maana hajawahi kulisikia kwangu.

Mfugaji akaleta ng'ombe kwa mara nyingine. Nilipomweleza tunachotaka akasema, "Mama, ng'ombe wangu hawajui kuzamia." Tukaisukuma hadi penye kina kidogo, tukaijaza mawe, nami nikawa naimwagia maji kwa ndoo mpaka ukingo ukalingana na ziwa, ikatulia chini. Mlingoti na paa la kibanda tu ndivyo vilivyobaki juu. Mume wangu alikuwa amegeuza mgongo, anafunga kamba isiyohitaji kufungwa.

Kila siku, jua likishapanda na tukishaangalia kwamba hakuna kiboko wala mamba karibu, niliingia majini na kanga yangu nikapapasa zile nafasi. Mara ya kwanza kucha yangu iliingia yote. Kisha ikaingia nusu. Sikumwambia, maana asingeniamini, na mimi mwenyewe niliogopa kujiamini. Rafiki yake alipiga tena: gari limepakiwa, aje. Mume wangu akatoa lile begi la kahawia. Nilimfulia nguo kama nilivyoahidi. Sikusema neno, na nusura nipasuke.

Asubuhi ya kuondoka kwake nikaingia majini, nikapapasa, kucha haikuingia. Nikapita ubavu mzima. Nikamwita, nikamwambia avue viatu aje anisaidie kutoa mawe. Alikuja polepole, amekunja suruali ya safari. Tukatoa mawe, tukachota maji kwa ndoo, yeye huku, mimi huku, mashua ikaanza kuinuka chini ya miguu yetu. Ilipobaki tupu akafanya jambo la kidereva. Alichukua boksi kuukuu, akalichana, akalitandaza sakafuni kama anavyolitandaza chini ya injini kutazama mafuta yanadondokea wapi. "Tule kwanza," akasema.

Tulikula ugali na dagaa ufukoni. Sikuonja chochote, nilimeza tu. Yeye alikuwa anatazama begi, anatazama ziwa. Tuliporudi alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya boksi kuanzia mbele hadi nyuma. Lilikuwa kavu. Kwenye kona moja, karibu na usukani, palikuwa na doa la unyevu lisilozidi kiganja chake.

Alilitazama lile doa muda mrefu. "Hapo ni kidogo tu," akasema. "Hapo napaweza." Kisha akatoa simu, akampigia rafiki yake, nikamsikia akisema, "Tafuta mwingine, ndugu yangu. Mimi gari langu liko gereji." Nilikaa chini pale pale nikalia, na sikumficha. Akanipa kitambaa chake chenye grisi, nikajipaka uso mzima.

Wiki chache baadaye kahawa ikaiva. Watoto walitutaka wote wawili, mikono haitoshi, lakini mashua haiwezi kuachwa tena bila mtu wa kuimwagia maji na kuitazama. Kwa hiyo nikapanda mimi. Begi sikuwa nalo, akanipa lake la kahawia, akatoa nguo zake akanipangia sweta zangu zote humo, akafunga zipu ambayo inataka ujanja anaoujua yeye. Akanisindikiza mpaka panaposimama magari ya Mlowo. Pale, nikiwa nimeshapanda na kukaa dirishani, akashika ukingo wa dirisha.

"Unarudi lini?" akauliza.

Sikulitafuta jibu, lilitoka lenyewe. "Mzigo ukishuka tu," nikasema, "nageuza."

Alicheka. Gari likaanza kuondoka, akatembea nalo hatua kadhaa, na nikaona ameacha kucheka, bado mkono wake uko dirishani.