Miaka Miwili ya Paneli Safi

Mama alikuwa na sukari, akijidunga insulini, na kwetu, nje kidogo ya Tongoni, nguzo za umeme hazijafika. Nikamfungia paneli mbili juu ya banda la jiko, ziendeshe friji la dawa. Mie nilikaa mjini, Makorora, na kompyuta yangu, nikaandika programu ya kubashiri umeme wa siku. Naipa hali ya mawingu, naipa na namba ambazo baba alizisoma kwenye mita kila jioni akanipigia, yenyewe inajifunza. Kila asubuhi namtumia mama ujumbe: leo utatosha, au leo hautatosha, agiza barafu kwa wachuuzi wa samaki uwekee dawa. Miaka miwili haikukosea sana. Nilijiona bingwa, nisiseme uongo.

Baba akafa. Mama akaingia eda, na namba za mita zikakoma. Niliona haya kumsumbua mjane kwa mambo ya mita. Nikasema programu imeshajifunza ya kutosha, mawingu peke yake yataifaa. Kiangazi kilikuwa kikali. Kila siku nikatuma: utatosha.

Wiki ya sita nikaitwa hospitali. Mama hajitambui, sukari imepanda, dawa yake imeharibika kwa joto.

Nilikwenda nyumbani kumchukulia kanga, nikapanda juu ya banda kwa hasira kutafuta waya uliokatika. Waya zote nzima. Paneli zilikuwa nyeupe kwa chumvi ya bahari na mavi ya kunguru. Jirani, shoga yake mama aliyekuwa akimpikia, alisimama chini akinitazama.

"Mama yako alikuwa akizipangusa mwenyewe kila alfajiri," akasema. "Sasa mtu yumo edani, apande juu ya paa wapita njia wamwone?"

Sikulijua hilo. Kompyuta yangu ilijifunzia paneli safi, nami nikadhani imelijua jua. Nikamgeuzia yeye ukali wangu, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kwani friji kupata joto hakuliona.

"Nililiona, mwanangu. Nikamwambia tuagize barafu. Akanionyesha simu, akasema, mtoto kaandika utatosha, yeye ndiye aliyesoma, mie na wewe tunajua nini."

Mama alikufa kesho yake, eda haijaisha. Watu wananiambia ni kazi ya Mungu, naitikia. Lakini mie najua, ningenyamaza tu, angeagiza barafu.